Springi za Mtu wa Kilo Themanini na Kitu

Shangazi yangu anauza springi za kuinulia magari, na kabla hajakuuzia anakupima uzito. Wewe kwanza, gari baadaye. Unapanda kwenye mizani ya kupimia magunia mbele ya yeyote aliyepo, na kilo zako zinaandikwa ubaoni kwa chaki, pembeni ya namba ya gari yako. Kama una aibu, barabara hiyo hiyo kuna gereji nyingine mbili zitakazokufungia chochote kilichopo na kukuaga kwa tabasamu.

Ndiyo maana mtaani anaitwa Mizani. Ana miaka hamsini na tatu, miwani yenye mkono mmoja uliofungwa kwa waya wa shaba, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea huku grenda inalia. Cheti hana. Kazi alifundishwa na marehemu mumewe, halafu akajifundisha upya alipogundua kwamba marehemu naye alikuwa anabahatisha. Hilo analisema wazi wazi. Hata siku ya mazishi alikaribia kulisema, dada yake akamkanyaga mguu.

Gereji yenyewe ni bati juu, saruji chini, na ukuta mmoja mrefu wenye springi zilizotundikwa kwenye misumari. Kila jozi ina kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene. Usitegemee kusoma inchi pale. Utasoma MTU NA MKE. Utasoma WATOTO WANNE NA MBWA. Utasoma FUNDI BOMBA NA MABOMBA YAKE. Na mwisho kabisa, kwenye kona, zile nene nyeusi ambazo mtu mmoja hawezi kuzibonyeza hata akizirukia, zimeandikwa MWONGO. Hizo ni za wanaoulizwa wanabeba nini wakajibu, "Mimi? Sibebi kitu."

Sasa nyinyi wenye magari ya kupanda milima, ambao mlima wenyewe ni tuta la mbele ya benki, sikilizeni mara moja tu, sitarudia. Springi ina mambo mawili: urefu na ugumu. Urefu ndio unaouona kwenye picha za simu. Ugumu ndio utakaokaa nao. Ukifunga ngumu na gari yako haina mzigo, kila shimo litakupiga kwenye figo. Ukifunga laini ukapakia, gari inakaa kitako kama kuku anayetaga, na zile inchi ulizojisifia zimekwenda. Watu wote wanachagua urefu. Kuhusu ugumu hawana habari mpaka mgongo uwaambie.

Wiki haipiti bila mmoja kuingia na simu mkononi.

"Mama, nataka inchi nne."

"Inchi nne za nini?"

"Za gari."

"Gari imelalamika kwamba ni fupi?"

"Hapana, mama, ila ikiinuka inapendeza."

"Ukitaka urefu vaa viatu vya kisigino. Mimi nauza kubeba. Unabeba nini kila siku? Sikuulizi siku uliyohama nyumba. Kila siku."

Halafu maswali yanafuata kama uko kituoni umekamatwa. Nani anakaa wapi? Tangi la mafuta liko upande gani? Una betri ya pili? Hilo sanduku la spana unalishusha nyumbani, au linaishi humo? Na mwisho: panda hapo.

Suala la kupanda hapo lina sababu. Dereva ndiye mzigo pekee usioshuka kwenye gari. Abiria wanapanda na kushuka, magunia yanapanda na kushuka, ila dereva anakaa upande ule ule miaka kumi. Kwa hiyo springi ya upande wake inatakiwa iwe ndefu kidogo kuliko ya mwenzake, kama upana wa kidole. Nyingine zinakuja na herufi za rangi kabisa, A na B, na mafundi wengi wanazitumbukiza tu kama soksi. Shangazi hatumbukizi. Anapima mtu, anapima gari pembe nne kwa tepu, anachagua. Ameshampima padri. Ameshampima askari akiwa na bunduki, kisha akamwambia aiweke chini arudi tena.

Mtu mmoja tu hakumpima, na huyo ndiye aliyemletea balaa.

Binti yake, yaani binamu yangu, ameolewa. Baba wa huyo mume ni mwalimu mkuu mstaafu: mtu mwenye tumbo la heshima, koti hata jua likiwaka, na sauti iliyojengwa kwa ajili ya paredi ya asubuhi. Kwa shangazi huyo ni mkwe. Wanaitana hivyo hivyo, mkwe na mkwe, kila mmoja akiinama kidogo kama anatafuta sarafu chini. Nami nitamwita Mkwe, kwa sababu sijawahi kusikia mtu akimwita kitu kingine bila kujuta.

Mkwe alistaafu akakaa nyumbani miaka miwili. Katika miaka hiyo alibandika ratiba ya chakula jikoni, akapanga vikombe vya mkewe kwa ukubwa, akaanza kupiga kengele ya mezani saa nne asubuhi bila sababu yoyote. Mkewe, mama mpole mno, siku moja alimwambia mbele ya wajukuu, "Baba, tafuta pa kwenda, la sivyo nitatafuta mimi." Hakuwa anatania. Alikuwa ameshampigia dada yake simu kuuliza kama kile chumba cha uani kina dirisha.

Basi kukatokea kazi. Kampuni inayokarabati minara ya simu milimani ilikuwa inatafuta gari zenye madereva wake, mkataba mwaka mzima: kubeba mafundi wanne na vyuma vyao kupanda juu na kushuka, siku sita kwa wiki. Masharti: gari iinuliwe inchi mbili, isimame sawa, ikaguliwe Ijumaa. Mkwe alikuwa na gari lake la zamani la kupanda milima, imara, alilonunua akiwa kazini na kulitumia hasa kwenda kusahihisha mitihani. Siku sita kwa wiki nje ya nyumba! Nyumba nzima iliomba, kila mtu kwa dua yake.

Akaja gerejini Jumatatu. Shangazi akajifuta mikono, akavua kofia, akainama.

"Karibu, mkwe wangu. Za nyumbani?"

"Salama, mkwe. Wanakusalimia sana."

Maswali yakaenda vizuri. Mafundi wanne, vyuma kilo mia tatu, tangi upande wa kulia, upande ule ule wa dereva. Halafu likafika lile swali. Fundi mkuu wa gereji, mzee anayeitwa Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, alikuwa ameshaivuta mizani na kuifuta vumbi.

Shangazi akaitazama mizani. Akamtazama Mkwe. Akatazama chini.

"Na… kilo zako, mkwe, kama unazikumbuka?"

"Themanini," Mkwe akasema. "Themanini na kitu."

Kimya akafungua mdomo. Shangazi akamrushia kitambaa cha grisi kabla neno halijatoka, na mkono wake ukaandika ubaoni: 80.

Jamani. Mtu yeyote mwenye macho mawili, hata jicho moja lenye mtoto wa jicho, angeona kwamba hapo hakuna themanini. Mkwe anapoingia sebuleni, kiti kinatafuta mlango wa kukimbilia. Familia nzima ilikuwa inajua daktari alimkataza asivuke mia na tano, na kwamba tangu siku hiyo anaamka alfajiri "kufanya mazoezi ya kutembea", na kwamba matembezi yenyewe yanaishia kwenye benchi la mama wa maandazi. Sote tulijua. Lakini utamwambiaje mkwe? Shangazi aliyempima askari na bunduki yake alishindwa kumwambia mtu mmoja apande kipande cha chuma, kisa mtoto wake anakula meza moja na mtoto wa huyo mtu.

Akachagua springi za mtu mwepesi. Laini laini, kulia na kushoto urefu uleule. Nyuma akaweka za kubebea vyuma, maana vyuma havikudanganya. Gari ikashushwa kwenye jeki, Mkwe akashukuru kwa hotuba ya dakika nne, akaondoka. Na alipovuka geti, sote tukaona. Bega la kulia limeshuka. Gari ilikuwa inatembea kama mtu aliyebeba ndoo kwa mkono mmoja.

"Themanini," Kimya akasema.

"Nyamaza."

"Na kitu."

"Kimya, nitakufukuza."

"Nasema tu hicho kitu kilivyokaa upande wa kulia."

Jumatano saa tatu asubuhi Mkwe akarudi, na hakuinama. Alikuwa amesindikizwa na aibu ya mtaa mzima: jirani alimpigia kelele kwamba tairi limepungua upepo, mkewe akasema kutoka getini inaonekana kama inataka kulala, na yeye mwenyewe akajiona kwenye kioo cha duka la samani.

"Mkwe, gari imeinama!" Akashuka ili aonyeshe. "Tazama!"

Tukatazama. Gari imesimama wima kama mwanajeshi.

Mkwe akaizunguka. Akachuchumaa kwa shida, akasimama kwa shida zaidi. "Ilikuwa imeinama sasa hivi."

"Panda tena, mzee," Kimya akasema kwa upole ambao haukuwa upole.

Akapanda. Gari ikaenda chini kulia. Akatoa kichwa dirishani. "Imeinama?"

"Imeinama."

Akashuka mbio. Imenyooka. Akapanda. Imeinama. Mara tatu, jamani, mzee wa watu anapanda na kushuka, na kila akishuka gari inamfanyia kama jino linaloacha kuuma ukifika kwa daktari. Wateja wawili wakajifanya wanaangalia simu. Mabega yao yalikuwa yanatetemeka.

"Basi springi ni mbovu," Mkwe akasema, jasho linamtoka. "Umeuziwa bidhaa mbovu, mkwe. Na ukaguzi ni keshokutwa. Unajua maana ya keshokutwa? Mkwe, mimi nyumbani pale…" Sauti ya paredi ikaisha kabisa. "Mama watoto ameshafungasha sanduku moja. Anasema ni nguo za kugawa. Lakini ameweka na dawa zake."

Hapo shangazi akaokota spana. Angeweza kukubali kwamba springi ni mbovu. Ingekuwa rahisi, heshima ingebaki, na Mkwe angekosa kazi kwa adabu njema. Alisimama pale akizungusha spana mkononi muda mrefu kiasi kwamba hata Kimya aliogopa. Halafu akaenda kwenye mizani, akavua viatu, akapanda yeye.

Kwa miaka kumi na minane hakuna mtu aliyewahi kumwona juu ya kile chuma.

"Soma," akamwambia Kimya.

"Mimi?"

"Una macho, huna? Soma kwa sauti."

Kimya akasogeza lile jiwe la mizani taratibu. "Tisini… tisini na sita, mama."

"Andika ubaoni."

Akaandika. Shangazi akashuka, akavaa viatu vyake. "Springi hazina ubovu, mkwe. Mbovu nilikuwa mimi. Niliandika namba ambayo macho yangu yalikuwa yanaikataa, kwa sababu niliona haya. Sasa mimi nimeshapanda. Ni zamu yako."

Mkwe akatazama geti. Akatazama wateja. "Lile geti," akasema, "linafungika?"

Wateja wakatolewa nje. Geti likafungwa. Mkwe akavua koti, akalikunja. Akatoa simu, funguo, kalamu mbili, daftari. Akavua mkanda. Akavua viatu. Akaanza kuhangaika na saa ya mkononi.

"Saa pia, mkwe?"

"Hii ni nzito. Ni zawadi ya kustaafu."

Akapanda. Kimya akaweka jiwe kwenye themanini, ule mkono wa chuma haukutikisika. Tisini. Mia. Mia na kumi. Mkwe alikuwa amefumba macho na amevuta tumbo ndani, kana kwamba mizani ina macho. Mia na ishirini. Kwenye mia na ishirini na saba mkono ukanyanyuka, ukaelea katikati.

Kimya, kwa mara ya kwanza maishani, hakusema kitu.

"Hii mizani inasoma sawasawa?" Mkwe akauliza bila kufumbua macho.

"Ilikuwa ya ghala la nafaka. Haina sababu ya kukuonea."

Akashuka. Akavaa mkanda, akakosa tundu, akarudia, huku shangazi akiandika ubaoni: 127. "Basi kile kitu kimekua," akasema. Shangazi akacheka kabla hajajizuia, akaziba mdomo kwa mkono wenye grisi. Mkwe akamtazama uso wake mweusi tii kuanzia puani kushuka, akacheka naye. Halafu akaacha ghafla. "Lakini hii ibaki humu ndani, mkwe. Humu humu."

"Ubao hauna majina, mkwe. Una namba za gari."

"Namba ya gari yangu mtaa mzima unaijua."

Kimya akafuta kwa kiwiko, kazi ikaanza upya. Shangazi alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya ukuta, akazishusha zile nyeusi nene, jozi yenye herufi, ya upande wa dereva ndefu kidogo. Kipande cha boksi alikigeuza haraka kikaangalia kifua chake. Amechelewa. Mwalimu mkuu anasoma kitu kilichopinduliwa mezani kwa mwanafunzi wa mstari wa nyuma.

"Mwongo," akasoma.

"Ni majina ya zamani ya stoo, mkwe."

"Ya wiki iliyopita," Kimya akasema. Alikuwa amepona.

Kabla hajakaza nati hata moja, shangazi akamwita Mkwe mbele ya gari. Akamwambia waziwazi, na hakuinama. "Sikiliza vizuri, maana hapa utachagua mwenyewe. Naweza kukufungia zenye urefu sawa. Gari ikisimama tupu itanyooka, Ijumaa utapita. Lakini ukipanda wewe, na mafundi, na vyuma, itaegemea kulia. Na ile barabara ya minarani, kulia ni nini ukiwa unapanda?"

"Bonde," Mkwe akasema.

"Bonde. Au naweza kukufungia hizi. Ukiwa ndani umenyooka, milimani umenyooka. Ila ukishuka, upande wako utainuka juu kama bega la mtu anayeringa. Mkaguzi akiipima hujakaa ndani, umekwisha. Nikufungie za kupitia ukaguzi, au za kupandia mlima?"

Mkwe akafikiri. Si kwa muda mrefu. "Mimi ndiye nitakayekuwa ndani kule mlimani. Na watoto wa watu wanne. Funga hizi. Ijumaa nitakaa tu kwenye kiti changu, sishuki."

Ijumaa shangazi alifunga gereji akaenda naye, na mimi nikajipakia nyuma, eneo la vyuma. Uwanja wa kampuni ulikuwa na gari kumi na mbili kwenye mstari, madereva wake wamezinyanyua kila mtu kwa ushamba wake. Moja ilikuwa juu mpaka mwenyewe anapandia ndoo. Mkaguzi alikuwa dada mmoja mdogo wa umbo, kofia ngumu ya njano, tepu kiunoni, fomu mkononi, na uso usiotaka salamu ndefu.

"Madereva wote shukeni, tafadhali. Simameni mbele ya magari yenu. Tofauti ya kulia na kushoto isizidi sentimita moja."

Mkwe akabaki ndani, mikono kwenye usukani, macho mbele.

"Mzee. Na wewe."

"Binti, mimi niko vizuri hapa."

"Shuka, mzee."

Akashuka. Na gari ikafanya kama ilivyoahidi, upande wa kulia ukapanda juu taratibu, *nyiii*, bila haya. Dada akapima kulia, akapima kushoto, akapima kulia tena.

"Sentimita moja na nusu. Gari yako imepinda, mzee. Nenda ukarekebishe." Akaanza kuandika. "Tutakuita nafasi zikitokea tena. Labda mwakani."

Mwakani. Nilimwona Mkwe akipiga hesabu ya siku zote zile, akiwa na kengele yake mezani katika nyumba isiyo na mtu wa kuisikia. Shangazi akapiga hatua mbele. "Dada, samahani, fundi ni mimi, hiyo gari—"

"Mkwe," Mkwe akasema. "Niachie."

Akajifunga kifungo cha koti. Madereva kumi na mmoja walikuwa wanatazama, maana mtu akifeli ni burudani ya wote.

"Binti, gari haijapinda. Inanisubiri mimi." Akakohoa. "Springi ya upande huu imechaguliwa kwa uzito wa dereva. Dereva ni mimi. Nina kilo…" Mdomo ukabaki wazi, namba imekwama ndani. Akavuta pumzi, na ile sauti iliyokuwa inafika mpaka kwenye vyoo vya shule ikatoka yote. "Kilo mia moja ishirini na saba!"

Uwanja mzima ukasikia. Mlinzi wa getini akageuka.

"Pamoja na gari?" mtu akauliza kwenye mstari, na kicheko kikalipuka.

Mkwe akamgeukia. "Bila gari. Bila saa. Bila viatu. Nimepimwa Jumatano. Wewe umepimwa lini?" Yule akatafuta pa kutazama. "Binti, kule minarani hutaituma gari tupu. Utanituma mimi nikiwa ndani. Nipime nikiwa ndani."

Dada akachungulia fomu zake. Akazifunua moja moja. "Hapa kuna sehemu ya uzito wa dereva," akasema polepole. "Kumi na mmoja wameandika sabini na tano. Wote. Mpaka huyu hapa." Akamnyooshea kidole bwana mmoja mwenye shingo kama gunia la simenti. Bwana akatabasamu kwa huzuni. "Wewe mzee umeacha wazi."

"Sasa nimekujazia."

"Panda."

Akapanda, akafunga mlango, gari ikashuka ikatulia. Dada akachuchumaa na tepu. Kulia. Kushoto. Akarudi kulia, akatumia kucha ya kidole gumba kushika alama. Shangazi alikuwa ameshika mkono wangu, nami nilikuwa naomba auachie kwa sababu mtu huyu anafungua nati kwa vidole.

"Milimita tatu," dada akasema. Akaandika. Akauliza namba ya simu ya Mkwe, akaandika na hiyo. "Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, hapa hapa. Njoo na tangi limejaa. Nyinyi wengine, hakuna kuondoka, natafuta mizani."

Mstari mzima ukaguna. Mtu mmoja akasema ana msiba.

Mkwe hakushangilia. Aliwasha gari, tukapanda, akatoka getini kwa mwendo wa harusi. Barabara ya lami ikaisha, tukaingia ile ya vumbi, na gari ikawa inapita kwenye mashimo bila kuinama wala kuruka. Mkononi alikuwa na simu, akampa shangazi. "Mwandikie mama watoto. Mwambie Jumatatu saa kumi na moja."

Shangazi akaandika kwa kidole kimoja. Jibu likaja kabla hatujafika kwenye daraja: *Alhamdulillahi. Siku sita au saba?* Mkwe akalisoma, akarudisha macho barabarani.

Baadaye kidogo akasema, "Mkwe. Ile Jumatatu, nilipokuambia themanini. Uliamini?"

"Hata kidogo."

"Na bado ukaniandikia, ukanifungia, ukaniacha nizunguke mji mzima nimeegemea upande mmoja."

"Wewe ni mkwe wangu. Ningefanyaje?"

Mkwe akabadilisha gia. "Basi nikiwa gerejini kwako mimi si mkwe. Ni mteja. Unisemeshe kama unavyowasemesha wale wengine."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Haya, mteja," shangazi akasema, akainama kusikiliza sakafu ya gari. "Toa mguu kwenye klachi. Tangu tutoke pale umeulaza kama uko kitandani, utaniunguzia sahani ya klachi kabla hujaufikia mlima. Na hilo koti vua, unatokwa jasho mpaka kioo kinapata ukungu."

Mkwe akatoa mguu kwenye klachi. Koti akasema atalivua nyumbani.

"Livue sasa," shangazi akasema. Mkwe akasimamisha gari pembeni, akalivua.